Mama Hakuulizwa

"Usiushike shingo, Uweso. Shika jani."

"Nimeshika jani, Mwalimu."

"Hilo ni jani? Hiyo shingo. Ukiubana hapo umeuua."

Uweso alicheka, akauachia mche wa nyanya, akaushika upya kwa ncha za vidole viwili huku ulimi umemtoka pembeni mwa mdomo. Watoto tisa walikuwa wameketi mkekani katikati ya sebule ya Hasina, mtaa wa Mabawa mjini Tanga, kila mmoja na trei lake la mayai mbele yake, na pembeni vikopo vya mtindi vilivyotobolewa matako kwa msumari wa moto. Nje mvua ya masika ilikuwa haijakatika tangu asubuhi. Ndiyo sababu kazi ile ilifanyika ndani. Mbegu ukizimwaga nje miezi ile, mvua inazisomba; zikinusurika, kuku wa majirani wanazifukua, na kuku wakizisahau konokono wanazimalizia.

Hasina alikuwa na miaka thelathini na mbili. Asubuhi alifundisha shule ya msingi, na kuanzia saa tisa alasiri alifundisha tuisheni pale nyumbani, kusoma na hesabu. Mambo ya mbegu aliyaongeza mwenyewe. Baba yake alikuwa mkulima wa mboga upande wa Horohoro, karibu na mpaka wa Kenya, Mdigo aliyemlea bintiye kati ya matuta ya bilinganya, na Hasina hakuona sababu ya watoto wa mjini kukua wakidhani nyanya zinatoka gengeni. Wiki nne zilizopita walichekecha udongo pamoja, wakauchanganya na samadi kavu na mchanga, wakapanda mbegu mbili mbili kila kishimo. Matrei yalipangwa dirishani, na kila siku mtoto alipofika, kabla hata ya kufungua daftari, aliligeuza trei lake ili miche isilalie upande mmoja kufuata mwanga. Leo ilikuwa siku ya kuihamishia kwenye vikopo.

"Mwalimu, wangu una majani manne!" Afra alipiga kelele. "Wa Semeni una matatu."

"Una manne!" Semeni akaja juu. "Moja limejikunja."

"Lililojikunja halihesabiwi."

"Linahesabiwa," Hasina alisema. "Afra, angalia kazi yako."

Afra alikuwa na miaka saba, mtoto wa maneno mengi, macho makubwa ya kahawia kama ya baba yake. Mama yake alifariki miaka miwili iliyopita. Alikuja darasani pale mwezi mmoja kabla ya Maulidi mwaka jana, ameshikwa mkono na baba yake, Qais, mfanyabiashara wa machungwa aliyenunua Muheza na kuuza Mombasa. Siku ile Qais alisimama mlangoni muda mrefu kuliko inavyohitajika kumwacha mtoto. Siku ya pili vilevile. Wiki ya tatu Hasina alianza kujikuta anajitazama kwenye kioo ifikapo saa kumi na moja, saa ya watoto kuchukuliwa.

"Baba kasema tutahamia nyumba nyingine," Afra aliendelea, safari hii kwa sauti ya chini, bila kuinua kichwa. "Ina ua mkubwa. Miche yangu yote nitaipanda huko, na wewe utakuwa unanionyesha."

Hasina alihisi damu ikimpanda usoni. Akajifanya anatafuta kijiko. "Kakwambia lini?"

"Jana. Kasema nyumba tayari, imebaki kupaka rangi."

Hakuuliza zaidi. Mtu mzima hamchimbi mtoto siri za baba yake. Miezi minane alikuwa anangoja. Miezi minane Qais alikuwa anamwambia neno lile lile: mama amekataa nikuoe, mpe muda. Na sasa nyumba, na ua, na rangi. Bila shaka mama amelegea. Bila shaka Qais alitaka kumshtukiza.

"Hodi wenyewe!"

Ilikuwa sauti ya mwanamke, si ya Qais. Hasina alifungua mlango akamkuta mama mrefu mweupe, baibui limelowa pindoni, mwavuli mkononi, na harufu ya udi ikimtangulia. Hakuwahi kuonana naye uso kwa uso, ila picha yake aliiona kwenye simu ya Qais mara nyingi. Bi Shariffa.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Qais kakwama njia ya Muheza, lori limezama topeni. Kanipigia nimpitie mtoto. Ndiye wewe mwalimu?"

"Ndiye mimi. Karibu ndani, mama, karibu sana."

"Mashaallah. Mie nilidhani mtu mzima."

"Bibi!" Afra alipiga ukelele akataka kuinuka, mikono tope tupu, bibi yake akamwonya kwa kidole abaki hapo hapo. Kisha akaketi kwenye kochi, akayatazama matrei yote yale na watoto walioyainamia.

"Kumbe ndiyo haya," alisema. "Siku hizi nyumbani kwangu yai haliliwi mpaka mtu aulizwe trei liko wapi."

Hasina alicheka kuliko kichekesho chenyewe. Alikwenda jikoni akamimina chai ya tangawizi, akaweka na vipande vitatu vya mkate wa kumimina alioupika asubuhi. Kaja mwenyewe, aliwaza. Lori kuzama ni kisingizio tu. Kaja kuniona nilivyo, nyumba yangu ilivyo. Aliufunga mtandio vizuri, akasoma Bismillahi, akatoka.

Bi Shariffa alikunywa mafunda mawili, akasifu chai. Kisha akaiteremsha sauti ili watoto wasisikie.

"Mwanangu, kwa hili la kuja mwenyewe nimefurahi. Nilitaka nikushukuru. Mjukuu wangu alipofiwa na mama yake alikuwa anakurupuka kila mara, hali, halali. Tangu aje kwako kawa mtoto tena. Nimeona si vizuri aondoke bila ya mimi kukwambia ahsante."

"Aondoke?"

"Hukuambiwa? Wanahamia Mombasa. Nikaha Ijumaa hii inshaallah, na bibi harusi kwao huko huko. Baba Afra kapanga nyumba yenye ua."

Hasina alikuwa ameshika kikombe chake. Alikiweka mezani polepole, kwa uangalifu mkubwa, kama kwamba kazi yote iliyobaki duniani ni kukiweka kikombe kile bila kukimwaga.

"Hongereni, mama," alisema.

"Ahsante. Sabiha jina lake. Binti mzuri, hana neno."

"Mlimtafutia nyinyi?"

"Mimi?" Bi Shariffa alitabasamu. "Ningemtafutia mimi ningempata wa hapa hapa Tanga, nisipande gari na miguu hii. Kamwona mwenyewe kwenye safari zake za machungwa. Huu mwaka wa pili wanazungumza."

Mwaka wa pili. Hasina alihesabu bila kutaka. Qais alipomshika mkono mara ya kwanza, pale pale mlangoni, akamwambia kwamba tangu afiwe hakuwahi kumtazama mwanamke mwingine, alikuwa tayari ana miezi kadhaa na Sabiha.

"Mama," alisema, "nikuulize jambo? Usiniudhikie."

"Uliza."

"Qais aliwahi kukutajia jina langu?"

"Kila siku. Mwalimu Hasina kasema hivi, Mwalimu Hasina kasema vile. Yeye na mwanawe."

"Si hivyo. Aliwahi kukwambia kwamba anataka kuniposa?"

Tabasamu likamtoka Bi Shariffa. Alimtazama Hasina kuanzia mtandio mpaka miguu, na ndipo, kwa mara ya kwanza tangu aingie, akamwona.

"Hajasema," alijibu.

"Hukukataa wewe?"

"Nikatae nini nisichokijua?"

"Mwezi wa Maulidi ulikataa," Hasina alisema, na maneno yakawa yanamtoka yenyewe, kwa sauti ndogo, kavu. "Ulisema mimi nimeachika, sikuzaa, na baba yangu mkulima wa Kidigo. Rajabu akakwambia tena, ukalia mpaka presha ikapanda ukalazwa. Ramadhani nikaambiwa nikifuturu niombe dua moyo wako ulainike. Nikaomba, mama. Mwezi mzima niliomba."

Mkekani Semeni alikuwa anahesabu miche kwa sauti, kumi na moja, kumi na mbili.

"Mie presha sina," Bi Shariffa alisema hatimaye.

Alikisukuma kikombe mbele.

"Nikwambie kweli, kwa kuwa umenipa chai yako. Ungeletwa mbele yangu ningekukataa. Sikufichi. Na sababu zangu zingekuwa hizo hizo ulizozitaja, ningezisema kwa kinywa changu na wala nisingelia. Lakini sikuulizwa, mwanangu. Wallahi sikuulizwa hata siku moja."

Hasina alitaka kumchukia. Alikuwa amemchukia miezi minane, tena kwa bidii, na sasa chuki yote ile haikuwa na pa kukaa. Ilimwenda Bi Shariffa ikamkosa, ikarudi.

Nje gari lilisimama. Mlango ukagongwa mara mbili, halafu mara moja, kama Qais alivyogonga siku zote.

"Naomba nizungumze naye barazani," Hasina alisema.

"Kazungumze," Bi Shariffa akajibu. "Watoto nitawaangalia."

Qais alikuwa amelowa mabega, suruali imejaa tope mpaka magotini. Alikuwa mzuri hata hivyo, na Hasina alijikasirikia kwa kuliona hilo. Alipomwona alitabasamu, lile tabasamu la kuchoka ambalo miezi yote ile alidhani ni lake peke yake. Hasina akauvuta mlango nyuma yake.

"Mama yuko ndani?" Qais aliuliza. "Nimejitahidi nimuwahi."

"Umechelewa. Tumeshazungumza."

Tabasamu likafa. Qais aliegemea nguzo ya baraza, akatazama mvua.

"Kakwambia."

"Kaniambia Ijumaa. Kaniambia Sabiha. Kaniambia mwaka wa pili. Na kaniambia presha hana."

"Hasina, mpenzi, nisikilize..."

"Nakusikiliza. Sema."

Qais alijifuta uso kwa kiganja. "Sabiha nilishampa ahadi kabla sijakujua wewe. Nikaja hapa kumleta mtoto, nikakuona. Kila wiki nilikuwa natoka nyumbani nimekata shauri, leo nitamwambia. Nikifika unanifungulia mlango umejaa udongo mikononi, unacheka. Nikashindwa."

"Ungeniambia siku ya kwanza."

"Ungenifukuza."

"Ningekufukuza, ndiyo. Ilikuwa haki yangu kukufukuza, na hiyo ukaninyima."

"Nakupenda. Hilo sikudanganya."

"Bora ungedanganya hilo ukasema kweli mengine." Sauti ilianza kumpanda, akaishusha kwa ajili ya watoto. "Na mama yako, Qais? Mama yako mzazi unamzulia maradhi? Unamtia maneno kinywani?"

"Ilikuwa rahisi," alisema, na safari hii alikuwa anasema kweli. "Mtu ukisema mama amekataa, hakuna anayekuuliza zaidi. Kila mtu anaelewa."

"Nilielewa. Niliwaambia na wenzangu shuleni, nikawa natetewa. Masikini Hasina, wakwe wamemkataa." Alicheka bila furaha. "Rahimu aliponiacha alikwenda mpaka kwa baba yangu. Akakaa mbele yake, akasema mzee, mwanao miaka sita hazai, nimechoka, namrudisha. Nilimchukia mtu yule. Leo ndiyo namwona muungwana."

Qais alisogea hatua moja. "Naweza kukuoa na wewe. Sheria inaruhusu. Kimya kimya kwanza, hapa hapa Tanga, halafu taratibu..."

"Kimya kimya tena?"

"Hasina."

"Umenificha miezi minane, sasa unataka kunificha kwa nikaha. Niambie kitu kimoja. Kwa nini yeye? Usiniambie ahadi. Ahadi kwangu pia ulitoa."

Maji yalikuwa yanabubujika kwenye mfereji wa bati.

"Afra anahitaji ndugu," alisema.

Hasina aliinamisha kichwa. Basi ilikuwa hilo. Kila mara alipomwambia kwamba kwake mtoto si hoja, kwamba Afra anawatosha, ilikuwa hilo. Angalau Rahimu alilisema kwa kinywa kipana.

"Mchukue mwanao," alisema. "Miche yake nitamfungia boksi."

"Nina ombi moja."

"Wewe?"

"Si langu, la mtoto. Usimwambie. Anadhani unakuja Mombasa." Qais hakumtazama. "Alikataa kuhama, Hasina. Alilia jana usiku. Mwambie tu utakuja baadaye, ukishafunga shule. Akifika huko atapata wenzake, atasahau. Mtoto yule."

Hapo ndipo Hasina alipoelewa ule ua mkubwa na maneno ya Afra, wewe utakuwa unanionyesha. Mtoto hakuyabuni. Alipewa.

Kabla hajajibu mlango ulifunguka, Afra akatokeza kichwa.

"Baba! Mwalimu kakwambia? Wangu una majani manne. Bibi kayahesabu."

"Sijamwambia," Hasina alisema. "Njoo hapa, mwanangu."

"Hasina, tafadhali," Qais alinong'ona.

Hasina alichutama macho yake yakawa sawa na ya mtoto. Aliyaona macho yale ya kahawia, yaleyale, na akaona jinsi ingekuwa rahisi. Neno moja, nitakuja, na mtoto angeondoka anacheka. Angeanza kumsubiri wiki ijayo, na mwezi ujao, na Rajabu.

"Afra, mimi siendi Mombasa."

"Najua. Utakuja baadaye."

"Hata baadaye siji."

"Ukifunga shule."

"Hapana. Siji kabisa."

Afra alimtazama baba yake, akarudisha macho. "Mbona baba anakuoa?"

"Baba anaoa mtu mwingine. Anaitwa Sabiha. Ndiye mtakayekaa naye."

"Ni wewe," Afra alisema kwa subira, kama anayemsahihisha mtu mzima aliyekosea. "Nilimuuliza, baba, unamuoa Mwalimu? Akasema eeh."

Hasina hakumtazama Qais. Hakuwa na haja. "Si kweli, mama. Baba alikosea kukwambia hivyo."

Alitegemea machozi. Afra hakulia. Uso wake ulikaza, mdogo, mkali, akarudi ndani bila neno. Kisha Semeni akapiga ukelele, "Mwalimu! Mwalimu, Afra anaiua!"

Walipoingia walimkuta amepiga magoti mkekani mbele ya trei lake. Alikuwa anaichukua miche yake mmoja mmoja, anaubana shingo kwa kidole gumba na cha shahada, anaukata, anauweka kando, anachukua mwingine. Hakuwa na haraka. Watoto wengine walikuwa wamekumbatia vikopo vyao. Bi Shariffa alikuwa amesimama, mkono mdomoni.

"Mwacheni," Hasina alisema.

Alipomaliza wa mwisho Afra alimwinulia uso. "Ungemwambia hapana," alisema. "Baba anakuogopa wewe. Ungemwambia usimuoe huyo, nioe mimi. Hukusema."

Ndipo akaanza kulia, kwa sauti, mdomo wazi, mikono yake ya tope imening'inia pembeni. Hasina alimsogelea, mtoto akamsukuma kifuani kwa viganja vyote viwili, akamwachia alama mbili nyeusi kwenye dera. Ni bibi yake aliyemkumbatia, na baibui lake, na udi wake, bila kujali tope.

"Qais," Bi Shariffa alisema juu ya kichwa cha mtoto. "Nililazwa hospitali ipi?"

"Mama..."

"Rajabu nililazwa. Nataka kujua, nikawashukuru manesi."

Qais aliinamisha kichwa. Mtu wa miaka thelathini na sita, mwenye malori mawili, alisimama kwenye sebule ya watu mbele ya watoto tisa kama mwanafunzi aliyekosa hesabu.

"Jina langu umelitumia miezi minane," mama yake aliendelea, taratibu. "Mie mwenyewe nina ubaya wangu, Mungu anaujua, sikuhitaji uniongezee wa kwako. Sasa sikiliza. Kaoe. Watu wameshaalikwa, kwa wenyewe kumeshaandaliwa, binti wa watu hana kosa. Nitakuja na mtoto nitamleta, akamwone mama yake mpya. Lakini akitoka harusini anarudi Raskazone kwangu. Hahamii popote."

"Mama, yule ni mwanangu."

"Na wewe ni mwanangu. Siku utakayokaa naye ukamwambia kweli yote, akaikubali, uje umchukue. Nenda kangoje garini."

Qais alisita. Alimtazama Hasina mtazamo mrefu, wa kuomba, mtazamo ambao wiki moja tu nyuma ungemfanya aache kila alichokishika. Hasina aliuhisi ukimchoma shavu. Alikuwa amechukua kitambaa, anafuta udongo sakafuni, na aliendelea kufuta mahali pale pale mpaka aliposikia mlango umefungwa.

Watoto wengine walianza kuchukuliwa na mama zao, kila mmoja na boksi lake kichwani chini ya mfuko wa plastiki. Bi Shariffa alibaki wa mwisho, mjukuu amemlalia begani analia kwa kwikwi.

"Usidhani nimekuja upande wako," alimwambia Hasina mlangoni. "Nilichokisema kwenye chai hakijabadilika. Nisingekutaka."

"Sijadhani, mama."

"Lakini mtoto huyu akikaa nami tu, mzee kama mimi, atanyauka. Jumatatu ya baada ya harusi nitamleta saa tisa."

Hasina alitaka kukataa. Kumwona Afra kila siku kungekuwa kumwona Qais kila siku, katika macho yale, hadi lini? Alikuwa na haki ya kukataa, na nafasi ile wanafunzi wengine wangeiomba. Alimtazama mtoto, kisogo chake kidogo kimegeuzwa, hakutaka hata kumwona.

"Mlete wewe mwenyewe," alisema. "Baba yake asikanyage hapa."

"Hatakanyaga."

Ijumaa ile Hasina aliomba ruhusa shuleni akaenda kwa baba yake Horohoro, asiwe mjini, asisikie. Katika uchungu wake alisahau kitu ambacho angepaswa kukijua kuliko mtu yeyote: shamba la baba yake limepakana na barabara ya Mombasa. Saa tatu asubuhi alikuwa anang'oa magugu kwenye bilinganya aliposikia honi. Gari la mbele lilikuwa limevikwa maua na riboni, nyuma yake Kosta mbili zimejaa wanawake, vigelegele na matari mpaka mpakani.

Baba yake aliinua mgongo, mkono juu ya macho. "Harusi ya nani hiyo?"

"Siijui, baba," Hasina alisema.

Mzee alimtazama bintiye, akaitazama barabara, akainama tena kwenye tuta lake. Mpaka jioni hakumuuliza kitu kingine, na alipomsindikiza kituoni alimbebea kikapu mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya tangu siku aliporudishwa na Rahimu.

Jumatatu saa tisa kamili Bi Shariffa alileta mtoto, akamwacha mlangoni, akaondoka baada ya salamu tu. Afra alikuwa na hina mikononi mpaka kwenye viwiko. Hakumwamkia Hasina. Hakukaa mahali pake pa kawaida kati ya Semeni na dirisha. Alikwenda kuketi ukutani, magoti juu, daftari limefungwa. Hasina alimwacha. Aliwaita majina, akaandika hesabu za kutoa ubaoni, akageuka kusahihisha.

"Umepakwa hina nzuri," alimsikia Semeni akinong'ona. "Ulikwenda harusini?"

"Eeh."

"Ya nani?"

"Ya baba yangu."

Semeni aligeuza shingo yote kumtazama Hasina, kisha akarudi kwa mwenzake. "Kamuoa Mwalimu?"

Kalamu zilisimama. Watoto wote tisa walikuwa wanasikiliza, na Hasina akatambua kwamba walijua siku zote. Milango ile aliyokuwa akiivuta nyuma yake, sauti zile alizozishusha, havikuwa vimemficha mtu.

"Hapana," Afra alisema. "Kamuoa mtu mwingine. Mwalimu alidhani ni yeye. Na mie nilidhani hivyo hivyo."

Hasina alisimama na chaki mkononi. Angeweza kuwaambia wanyamaze, waangalie ubao. Badala yake alimtazama Afra, na Afra kule ukutani alikuwa anamtazama yeye, bila kupepesa, anasubiri kuona kama huyu naye atamdanganya.

"Ni kweli," Hasina alisema mbele yao wote. "Nilidhani ni mimi."

Kisha akamwambia Uweso aje ubaoni afanye hesabu ya kwanza.